Sekunde Tisini za Iringa

Alhamisi, 4 Novemba 1976

Orodha ya mbolea imekwenda. Vijiji 390, kila kijiji mstari wake: idadi ya mifuko, jina la kijiji, jina la mwenyekiti, tarehe ya gari. Laini ya teleksi toka hapa Mbeya hadi Iringa ni yetu saa moja tu kwa siku, saa tisa hadi saa kumi. Mashine inapeleka alama 400 kwa dakika, haiongezi hata uipigie magoti. Mstari ni alama 61 kwa wastani. Zidisha: 23,790. Kwa hesabu hiyo binadamu anabakiwa na sekunde thelathini na moja na nusu za kuongea. Kamwene, salamu ya Kihehe, kisha kwaheri. Basi!

Leo nimepata dawa. Mwisho wa kila mstari huwa tunatoboa alama tatu kwenye utepe wa karatasi unaoiendesha mashine: rudi, rudi, shuka. Kichwa cha mashine kinarudi kushoto, karatasi inapanda mstari mmoja. Sasa rudi ya pili ya nini? Kichwa kikisharudi kimerudi! Mzee Didas aliyenifundisha kazi hakuwahi kueleza. "Tia mbili, usiniulize." Nimetoa moja. Nikajaribu kwenye mashine yetu mpya — karatasi safi kabisa. Alama 390 nimeziokoa. Zimebaki sekunde tisini kamili.

Zote nimempa Severina, mpiga teleksi wa Iringa.

Sijawahi kumwona. Miaka miwili namjua kwa vidole vyake tu. Akiwa na furaha anapiga mbio, akichoka anaacha nafasi mbili mbili. Leo: KAMWENE KAKA NKUBA. UMEMALIZA MAPEMA UMEKUNYWA NINI. Nikajibu nimepiga hesabu. Akaandika: NILIDHANI WASUKUMA MNAHESABU NGOMBE TU.

Nimecheka kwa sauti chumba kizima. Silvester wa masjala akachungulia. Hakuona mtu, akaondoka.

Jumamosi, 6 Novemba

Uyole sokoni. Viazi, maziwa. Baridi na ukungu. Hapa Mwanjelwa wapangaji wenzangu wananisalimu kwa Kiswahili, wakimaliza wanarudi kwenye Kinyakyusa chao. Siwalaumu. Lakini tangu Pasaka sijasema neno moja la kwetu na mtu. Mzee wangu yuko Usangu na ng'ombe wake, na ng'ombe hawaandiki barua.

Habari kubwa nimeiacha mwisho. Meneja wetu, Ndugu Bartholomeo, amepeleka jina langu Dar. Mkuu wa mawasiliano wa kanda! Mimi wa darasa la nane, niliyejifunza taipu kwa kufagia ofisi ya misheni. Silvester ana kidato cha nne na kalamu mbili mfukoni, amepitwa. Nimetafuta wa kumwambia. Nimewaambia viazi.

Jumatano, 17 Novemba

Balaa.

Nyololo walitakiwa kupata mifuko 140, wamepelekewa 40. Wakulima wamekwenda hadi ghala la Iringa na majembe mabegani. Mvua imeanza, mahindi hayangoji. Vijiji kama hivyo viko kumi na saba. Na mifuko yenyewe haikuibwa — imekutwa ghalani, 2,200! Ndugu Kalinga, mkuu wa ghala, anasema hiyo ndiyo dalili yenyewe. Msichana wa teleksi kapunguza namba makusudi ili mifuko ibaki, iuzwe kwa mlango wa nyuma. Anaita hujuma.

Kwanza wamenigeukia mimi. Naam, nani mwingine? Kitu kikiharibika anaitwa wa darasa la nane. Nimesimama mbele ya meza ya Meneja nusu saa kama mwizi wa kuku. Nikamtolea kopi yetu: Nyololo 140. Vyote kumi na saba, sawasawa. Akasoma, akashusha pumzi. "Karatasi yako safi, Ndugu Nkuba. Kaa kimya, kula ugali wako."

Nimetoka nimevimba kwa hasira. Hata samahani hakuna!

Saa tisa Severina alikuja na mistari miwili tu. KAKA MIMI NIMEANDIKA KILICHOTOKA KWENYE MASHINE. KAMATI YA UCHUNGUZI NI TAREHE 26 WAKINIKUTA NA KOSA NI POLISI.

Nikamwandikia asiogope. Nikamwomba anitumie karatasi yenyewe, ile ya mwanzo.

Jumatatu, 22 Novemba

Yohane dereva ameileta ile karatasi ya Iringa, ndani ya bahasha ya kaki, chini ya kiti. "Dada yule amekonda," kasema. "Tangu leo asubuhi wamemsimamisha. Alikuwa nje ya geti, amesimama tu." Nikamuuliza anafananaje. Yohane akanishangaa. "Miaka miwili hujui? Mfupi. Ana mwanya." Basi sasa najua.

Nimeitandaza karatasi. Mstari wa Nyololo unaanza na nafasi tupu. Kisha 40. Na ile 1? Nimeiona. Imepigwa katikati ya jina la mwenyekiti, juu ya herufi, kama uchafu wa wino. Severina aliiona ni uchafu, na yeyote angeiona hivyo. Kijiji cha pili kilichoharibika — hivyohivyo. Cha tatu. Tarakimu ya kwanza ya kila mmoja imeruka, imetua katikati ya mstari.

Nikaanza kuhesabu. Kila mstari ulioharibika umetanguliwa na mstari mrefu, alama 66 kwenda juu. Mistari iliyofuata mifupi haina neno. Kumi na saba kwa kumi na saba.

Nikaelewa nikiwa nimesimama.

Mashine ya Iringa ni kongwe. Kichwa chake kinarudi kwa kujikongoja. Kikitoka mbali, kule mwisho wa mstari mrefu, rudi moja haikipi muda wa kutosha. Tarakimu inafika kichwa kikiwa bado njiani — inapigwa hapohapo kilipo. Rudi ya pili haikuwa amri. Ilikuwa muda wa kungoja! Mzee Didas angesema hivyo tu, maneno manne, ningemsikia. Lakini nani alimuuliza? Niliambiwa nisiulize, nikajiona nimemzidi akili.

Ni mimi. Sekunde 58 na nusu nilizoiba ili niambiwe kamwene.

Jumanne, 23 Novemba

Nimemweleza Meneja. Nimemchorea. Ni mtu mwelevu, alielewa kabla sijamaliza. Akainuka akafunga mlango.

"Andika kwamba mashine ya Iringa ni mbovu," kasema. "Si ni kweli?"

Ni kweli. Nusu.

"Lakini Ndugu Meneja, kuna daftari la mashine. Kila asubuhi Severina anaandika 'nzuri' na kutia sahihi. Nikisema mbovu, wataambiwa alificha ubovu."

"Nzuri kwa nini, kama ni mbovu?"

"Ilikuwa nzuri kwa rudi mbili."

Akachezea kofia yake. Halafu, kwa upole — upole ndio ulionitisha — akasema barua ya cheo changu inatoka Dar wiki hii. Na kwamba Chunya nako kuna mashine, haina mtu, iko kwenye chumba cha bati, na vumbi la Chunya ninalijua. "Fikiri, kaka. Yeye ni msichana, ataolewa. Wewe una nini kingine?"

Hilo la mwisho nimetembea nalo njia nzima hadi nyumbani.

Jumatano, 24 Novemba

Sikula. Nimeandika maelezo mara mbili.

Ya kwanza, ya mashine: mistari 31. Yamejaa "huenda" na "inawezekana". Ya pili, ya kosa langu: mistari 9. Nimeyatoboa ya pili kwenye utepe kabla sijabadili mawazo. Silvester aliuliza ni nini. Orodha ya mbegu, nikasema.

Nikiyapeleka kwa posta yatafika kamati imeshakaa. Ni kesho saa tisa au basi.

Alhamisi, 25 Novemba

Saa tisa na dakika moja. Laini imefunguka. Utepe uko kwenye mashine. Nimeandika KAMWENE kwa mazoea.

Hakuna kamwene. Mkono mwingine kabisa, unatafuta kila herufi. KALINGA HAPA. SEMA HARAKA.

Nikaandika nina maelezo ya kamati juu ya mifuko 2,200.

Ikaja: MWENYEKITI WA KAMATI YUKO HAPA NAMI. ANAULIZA KOSA NI LA MASHINE AU LA MTU. JIBU KWANZA NDIPO ULETE MAELEZO.

Ningeweza kuuachia tu utepe uende wenyewe, nikageukia dirishani. Sasa wananitaka nijibu kwa mkono.

Nimejibu: LA MTU.

Saa tisa na dakika nne. Mashine inanguruma bure. Nimeketi na daftari hili juu ya paja. Nasikia viatu vya Meneja kwenye korido, vinakuja, vinasimama. Hagongi.

Iringa imeanza tena. Herufi moja, moja, moja.

MTU YUPI.

Jina naliandika hapa kwanza, kwa penseli, nione linavyokaa kwenye karatasi: Nkuba Nyanda, Mbeya.