Nilichoma Sura ya Mtoto wa Mama Mdogo

Bi Faudhia mpendwa, salamu nyingi kutoka Majengo hapa Mpanda, naomba unisaidie mawazo kwa sababu mwenzio silali, chakula hakipiti, na mtu ninayemwogopa anakuja nyumbani kwangu mwezi ujao.

Mama yangu mzazi alifariki mwaka jana, na juzi juzi tukaamua kumjengea kaburi la vigae lenye picha yake kwenye msalaba, na picha nzuri ya mama ilikuwa moja tu, ile ya zamani ya nyeusi na nyeupe iliyokuwa ukutani sebuleni, mama amesimama nje ya kanisa na mdogo wake, mama mdogo Suzana, ambaye amebeba mtoto wake mchanga Gelasius siku ya ubatizo. Sasa Bi Faudhia, mimi nilikuzwa nikiambiwa kwamba picha ya mtu aliye hai haipelekwi kaburini, ni kumwita, na mama mdogo yu hai, analima mpunga wake kule Mpimbwe, kwa hiyo kabla ya kwenda studio ya picha kule Kashaulili nikachukua mkasi nikamkata mama peke yake. Kile kipande kilichobaki nikaogopa kukitupa, maana nyie wenyewe mnajua mtu mwenye nia mbaya akiokota picha yako anavyoweza kukuchezea, nikakitia kwenye jiko la mkaa nikasimama pale mpaka kikaisha chote. Nilifanya kwa kumpenda. Nilikuwa namlinda yeye, na akilini mwangu kipande kile kilikuwa mama mdogo tu, yule mtoto wala sikumfikiria.

Gelasius alifariki kwa surua akiwa bado hajatembea, na mama mdogo hakujaliwa mwingine, na ile ndiyo picha pekee mtoto huyo aliyowahi kupigwa. Aliiacha kwetu kwa sababu nyumba yake ilikuwa ya nyasi na inavuja, kwetu kulikuwa na bati, na kila akija mjini, kabla hata ya kunywa maji, alikuwa anakwenda pale ukutani anaifuta kwa khanga yake na kusema, "Baba, hujambo?" Sisi watoto tulikuwa tunacheka.

Wiki iliyopita akapiga simu kwamba atakuja kwenye misa ya kumwombea mama na kubariki kaburi, akasema, "Kalista mwanangu, safari hii nitaondoka na mtoto wangu. Dada ndo alikuwa ananitunzia, sasa dada hayupo. Na mimi nimeshaezeka bati." Nikaitikia tu, "Sawa mama."

Mume wangu Lucas anasema nisijitese, eti Yotham wa studio ana programu kwenye kompyuta inayotengeneza picha za zamani, atachukua picha ya mama mdogo ya sasa, amrudishe ujanani na kumbebesha mtoto yeyote mchanga. "Mama mwenyewe haoni vizuri," anasema, "na watoto wachanga si wote wanafanana?" Yotham ameshanitumia kwenye simu, na Bi Faudhia imependeza kuliko ile ya mwanzo, mtoto anacheka, na nilipoitazama nililia kwa sababu siwezi kukumbuka Gelasius alikuwaje, nimeipita picha ile maisha yangu yote na sikuwahi kumtazama. Je, nimpe hiyo afurahi, au nimwambie ukweli nimuue kwa presha? Nisaidie, muda unakwisha.

Kalista, Majengo

Kalista, pole. Nimeisoma barua yako nikaiweka chini, nikaenda kutazama ukuta wangu mwenyewe. Sasa nisikilize, na usinikasirikie.

Una simu yenye kamera. Nina hakika umeshapiga picha ugali na dagaa ukawatumia watu. Ulishindwa nini kuipiga ile picha mara moja kabla ya kushika mkasi? Huyo Yotham angemtoa mama yako peke yake bila kukata hata kona. Siicheki imani uliyolelewa nayo, kwetu pia yalisemwa hayo hayo, lakini tazama: uliogopa mbaya wenu asije akaichezea picha, ukaiunguza mwenyewe. Haya, maji yakimwagika hayazoleki.

Hiyo picha ya kompyuta ifute leo, na Yotham naye aifute. Lucas anasema watoto wachanga wanafanana. Muulize kama aliwahi kuwachanganya wa kwake. Mama mdogo haoni vizuri, sawa, lakini ameufuta uso ule kwa mkono wake miaka yote hiyo, anajua hata mdomo ulivyokunjwa. Akigundua, atafiwa tena mbele ya wageni wa misa. Asipogundua ni vibaya zaidi, kwa sababu atakuwa anamsalimia mtoto asiye wake, na wewe umesimama pembeni unatazama, kila ukienda kwake, mpaka mmoja wenu afe. Utaweza? Mimi nisingeweza.

Usimwambie kwa simu, na usimsubiri aje aukute ukuta mtupu. Panda basi umfuate Mpimbwe kabla ya misa. Lucas mwache nyumbani na hekima zake. Mchukue mtu mzima wa ukoo ambaye mama mdogo anamheshimu, awepo kama presha itapanda. Kaa chini mkekani umwambie, "Mama, niliikata, nikaichoma." Usiseme ilipotea, usiseme panya, usiwasingizie mafundi wa kaburi. Mweleze ulikuwa unamwogopea yeye. Hilo atalielewa kuliko mimi, kalelewa humo humo. Atalia, na pengine atakufukuza. Akikufukuza kaa uani, mchotee maji, usirudi mjini siku hiyo.

Akitulia, muulize mama wa ubatizo alikuwa nani. Zamani mpiga picha akipita parokiani alisafisha nakala zaidi ya moja, na wasimamizi hawakupenda kukosa yao. Huenda iko kwenye sanduku la mtu huko huko. Siahidi kitu, lakini itafute, na ukiipata ipige kwa simu palepale kabla hujaiomba, uitume kwa ukoo mzima.

Usipoipata, basi muulize mtoto alikuwaje. Alifanana na nani, alilia namna gani, alishikaje kidole cha mtu. Muulize taratibu na urekodi anavyosimulia, kwani huyo alikuwa ndugu yako na hukuwahi kumjua. Kwa sasa Gelasius amebaki mahali pamoja tu, kichwani mwa mama yake, na mama yake ni mzee. Nenda kesho.