Tandu wa Chupa Mbili

Mama,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Aibu imenikaba.

Tangu tukuzike hapo Iguguno, lile ghala la ushirika amelikodi mfanyabiashara wa mjini. Kaweka mashine ya kukamua alizeti, inanguruma kutwa. Ungeilalamikia wee, halafu ungekuwa wa kwanza kupeleka gunia lako.

Lakini nakuandikia habari za tandu wako.

Unakumbuka likizo ile nilipokuja na wenzangu wa chuo kutafuta tandu? Ulikuwa umeshatutangulia. Uliwakamata kwa koleo la jikoni. Mmoja akakuuma kidole, ukakificha ndani ya kanga. Ukaniletea chupa mbili za jamu, moja umeifunga uzi mwekundu. Ukasema, "Mwanangu, hawa usiwachanganye. Tazama vichwa vyao, si ndugu hawa."

Nikacheka, Mama. Mbele ya wenzangu. Nikasema hiyo ni kazi ya darubini, nikakata uzi, nikawamimina wote kwenye chupa moja ya spiriti. Kwenye karatasi ya chupa, penye jina la aliyewakusanya, nikaandika langu. Wewe ukaenda kututilia chai.

Mwezi uliopita niliwapiga picha tandu hao mmoja mmoja, nikaweka nukta kwenye picha kuzunguka kichwa na yale makucha yao ya sumu. Kompyuta ikaondoa tofauti ya ukubwa, ikabakiza umbo peke yake. Basi tandu wakajigawa makundi mawili, mbalimbali kabisa. Nililia. Mwalimu wangu akadhani ni furaha.

Akauliza kundi lipi lilitoka wapi. Chini ya mawe ya shambani? Kwenye kuni zilizooza nyuma ya jiko? Aliyejua ni wewe, na siku ile sikukuuliza. Nikamjibu kwamba maandishi ya mahali yalifutika kwenye karatasi ya chupa. Umelala kaburini, Mama, na bado nakukana.

Kesho naenda kumwambia ukweli. Akinifukuza, anifukuze. Kisha nakuja nyumbani. Nitageuza jiwe moja moja, na ukuni mmoja mmoja, kwa koleo lako lile lile. Nitabeba chupa mbili na uzi mwekundu. Penye jina la aliyewatambua kwanza nitaandika lako, kwa herufi kubwa.

Pumzika, Mama yangu. Ukiweza, nisamehe. Safari hii wenzangu watakaa chini wasikilize habari zako, na chai nitawatilia mimi.

Mwanao,
Neema