Ng'ombe wa Iyunga

Jumatatu, 5 Machi 1973

Foleni tena. Kutoka mjini hadi Iyunga saa nzima na robo. Malori ya Zambia mbele na nyuma, na pale kwenye kazi za reli wanapitisha upande mmoja tu. Manyunyu na ukungu. Gari la Meneja liko chini mno. Nikitazama mbele naona matope ya tairi za watu.

Sijalipenda gari hili. Mhandisi wa Kizungu aliyemaliza mkataba ndiye aliyemwachia Meneja. Jekundu, milango miwili, injini inanguruma kama ina ugomvi na mtu. Lina gia za mkono lakini halina pedeli ya klachi. Ukishika tu kichwa cha gia, klachi inajiachia yenyewe. Fundi kaniambia mguu wa kushoto niusahau kabisa. Gari la mbio, na mbio zenyewe hatuzioni. Tunatambaa nyuma ya lori la mbolea.

Miaka ishirini na miwili nimeendesha malori. Mguu wangu wa kushoto haungoji kuambiwa. Leo umetafuta klachi isiyokuwapo, ukaikuta breki, pana kama sahani. Meneja kagonga paji la uso kwenye kioo. Kanitazama tu.

Longino wa stoo, kiti cha nyuma, kacheka mpaka Mbalizi.

Jumatano, 7 Machi

Longino kaja na kipande cha kamba mfukoni. "We Mngoni, ufunge huo mguu kwenye kiti, kama mbuzi wa mnadani." Hata Meneja kacheka. Nimeitupa kamba nyuma ya kiti.

Longino ni mtunza stoo wetu, Mhehe wa Kihesa, Iringa. Mimi Mngoni. Babu zetu walipigana, sisi tumerithi utani. Yeye ananiita mateka wa babu yake, mimi namwuliza mbwa wa jirani kapotelea wapi, maana Wahehe tunawatania kuwa wanakula mbwa. Miaka kumi na moja hatujaitana kwa majina. Skola, binti yake wa kwanza, mimi ndiye niliyempeleka mama yake kujifungua, kwa lori, kwenye matope.

Jioni Meneja aliposhuka, Longino kanionya bila utani. Nimwambie Meneja kwamba gari limenishinda, anipe lingine. Nimekataa. Dereva wa miaka ishirini na miwili aseme gari limemshinda? Nina majivuno. Najijua.

Alhamisi, 8 Machi

Mguu umetulia. Kwenda na kurudi, haukukosea hata mara moja. Nimefurahi kama mtoto. Kesho Meneja anasafiri kwenda Dar es Salaam.

Jumamosi, 10 Machi

Jana jioni. Niandike ilivyokuwa, hapa tu.

Longino alikaa mbele, kiti cha Meneja. Alikuwa bwana mkubwa, mkono dirishani, anawapungia wenye malori. Tulipopita Iyunga foleni ikafunguka. Mteremko, lami imelowa. Nikaongeza mwendo. Mara ya kwanza gari lile kukimbia mikononi mwangu, nikasikia raha, sitaficha. Nikashika gia kuingiza ya tatu. Mguu wa kushoto ukakanyaga. Kwa nguvu zote, kama klachi ya lori. Gari likasimama palepale.

Lori la nyuma halikuwahi.

Mimi usukani ulinizuia, mbavu tu. Longino alikwenda kichwa mbele kwenye kioo.

Trafiki kauliza kwa nini nilifunga breki. Nikasema ng'ombe. Ng'ombe alikatiza barabara. Neno lilitoka lenyewe mdomoni. Kaandika ng'ombe. Dereva wa lori, mtu wa Kilosa, akaapa hakuona ng'ombe. Wakamwambia aliye nyuma siku zote ndiye mwenye kosa, wakamweka ndani.

Jumapili, 11 Machi

Longino kafariki hospitalini, saa nne asubuhi. Hakuzinduka. Mama Skola alikuwa amemshika miguu. Mimi nilisimama mlangoni. Sikuingia.

Jumanne, 13 Machi. Kihesa

Tulifika jana kwa lori la kampuni, jeneza katikati, sisi pembeni. Mama Skola alilishika jeneza kutoka Mbalizi hadi Iringa.

Leo tumezika. Wazee wa ukoo walinijia mapema: mtani ndiye wewe, fanya kazi yako. Mtani halii kama ndugu. Kazi yake ni kuchekesha watu, amwigize marehemu, aingie kaburini na akatae kutoka mpaka apewe kitu. Nimeifanya kazi hiyo kwenye misiba mingi ya Wahehe. Longino mwenyewe alikuwa akinisifu, akiniambia siku yake ya kuzikwa niende bila kukosa.

Nikaingia. Udongo mwekundu, umelowa, unateleza. Nikasema Mhehe huyu amenisumbua miaka kumi na moja, leo nimemkomesha. Wakaanza kucheka. Nikaigiza anavyopunga mkono dirishani, bwana mkubwa. Wakacheka zaidi. Nikapandisha suruali, nikawaonyesha mguu wa kushoto.

"Mimi ndiye niliyemuua. Kwa mguu huu. Hapakuwa na ng'ombe."

Walicheka mpaka waliokuwa wakilia wakajifuta macho. Mzee mmoja kasema, huyu sasa ndiye mtani. Wakanipa kuku jike, mweupe.

Nilitaka wanipige. Wamenipa kuku.

Mama Skola hakucheka.

Jumatano, 14 Machi. Kihesa

Asubuhi, kabla ya safari, Mama Skola kaniita jikoni. Alikuwa anakoroga uji wa waliolala msibani. Hakunitazama usoni.

"Shemeji, huyo ng'ombe alikuwa wa rangi gani?"

Nikaweka mzigo wangu chini.

Akaendelea kukoroga. Baadaye akasema Longino alikuwa akimsimulia habari za mguu wangu kila jioni, na kwamba Jumatano ile yeye mwenyewe ndiye aliyemtafutia ile kamba, walikuwa wanacheka wote wawili. Halafu akasema huko Kilosa nako kuna mke, naye anangoja mtu. Akanipakulia uji. Nimeunywa wa moto vilevile.

Ijumaa, 16 Machi

Nimekwenda polisi. Trafiki yuleyule. Nimemwambia amfute ng'ombe. Kasema maandishi hayafutwi, yanaandikwa mengine, na kama nimechanganyikiwa kwa msiba nirudi nyumbani nikapumzike. Nikakaa. Nikaeleza yote upya, mteremko, gia, mguu. Alipoandika neno la mwisho nikatia sahihi na leseni nikaiacha mezani.

Dereva wa Kilosa katolewa alasiri. Kapita mbele yangu hakunisalimu. Ana haki yake.

Jumatatu, 19 Machi

Meneja karudi. Barua fupi: nimesimamishwa kazi. Hakukosea. Nimemwandikia Mama Skola nikamweleza nilikokwenda Ijumaa. Barua nzima mistari minne. Sikuomba msamaha humo, niliona kama ni kumtwisha mzigo mwingine.

Jumapili, 25 Machi

Kesi mwezi ujao. Jana nilikwenda kuchukua koti langu kwenye mabaki ya gari. Nyuma ya kiti nikaikuta kamba.

Nimemfungia kuku wa Kihesa mguuni, asipotee. Ametaga mayai mawili. Sina moyo wa kumchinja.

Mvua imekatika. Nimekaa nje ya nyumba tangu asubuhi, juu ya kigoda. Barabara iko karibu. Malori yanapita, na kila moja likifika kwenye kilima linabadili gia. Kila likibadili, mguu wangu wa kushoto unakanyaga chini, wenyewe, polepole, sawasawa kabisa.

Hakuna wa kunicheka.