Chiriku na Cheche

Jumanne, 3 Juni 2008

Mteja mpya leo kwenye nyumba ya wazee. Bi Lorraine Tuohy, miaka themanini na mbili, kahamia ghorofa ya pili wiki iliyopita. Mwembamba kama ufagio, mdomo haufungwi. Na ni mtu wa Kaskazini mwa mji! Kaja saluni kwangu na kofia ya bluu ya timu yao ya besiboli. Hapa, Kusini mwa Chicago, ambako Baba hawezi hata kununua gari la bluu.

Bi Wanda Pietrzyk alikuwa kwenye kiti cha dirishani, rola kichwani. Bi Wanda wangu mpole. Miaka sita namtengeneza nywele, haongei zaidi ya "asante" na "maji ya moto sana". Bi Lorraine kasimama mlangoni, kamkodolea macho.

— Pietrzyk! Kumbe hujafa?

Bi Wanda kanyanyua uso taratibu.

— Mwizi wewe.

Akashika fremu yake ya kutembelea, akatoka. Na rola zangu kumi na nane kichwani!

Ijumaa, 6 Juni

Bi Lorraine kanieleza huku namkata nywele.

Kulikuwa na ligi ya wasichana. Ya besiboli. Hapahapa mjini, baada ya vita! Uwanja wenye taa, mishahara, watu elfu kumi wanapiga makelele. Kaskazini walikuwa na Chiriku, Kusini walikuwa na Cheche. Mashabiki walizipiga ngumi kwenye tramu kwa ajili yao, kama vile kwa timu za wanaume. Bi Lorraine alikuwa Chiriku, mwenye mbio kuliko wote. Na mrushaji wa Cheche, yule ambaye wapigaji wa Kaskazini walimwogopa kuliko wote — Wanda Pietrzyk. Bi Wanda wa maji ya moto!

Alirusha kwa chini, mkono unapita kando ya paja kama mjeledi.

— Mpira wake huuoni, binti. Unausikia tu umeshapita.

Nimempigia Baba. Baba anayejua majina ya wachezaji wote wa Kusini, hata wale waliokufa kabla hajazaliwa. Nikamuuliza kuhusu Cheche. Akasema: wanawake? Hapana, Marisela, hakuna kitu kama hicho. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: walikuwa na kasi kiasi gani?

Jumanne, 10 Juni

Nilimwuliza Bi Wanda. Akaweka mkono wake wa kulia mezani. Kidole cha kati kimepinda kama ndoana.

— Miaka sita unakipaka losheni, akasema. Hukuwahi kuuliza.

Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha akaongea — maneno mengi kuliko ya miaka yote sita. Fainali ya 1949. Mchezo unakaribia kwisha, wako sare. Lorraine yuko kituo cha tatu. Akifika tu nyumbani, yaani pale anaposimama mpigaji, ni pointi, na Chiriku mabingwa. Wanda karusha, mpira ukamponyoka mdakaji wake. Lorraine kachomoka. Wanda naye katoka mbio kulinda nyumbani, mdakaji kamrushia mpira, wakagongana vumbini. Ukimgusa mkimbiaji kwa glavu yenye mpira kabla hajafika, ametoka, hana pointi. Basi.

— Uligusa?

— Begani. Watu wote wa Kusini waliona.

Mwamuzi akasema kafika salama. Viti vikarushwa uwanjani. Ligi yenyewe ikafa miaka michache baadaye, Cheche hawakupata kombe kamwe. Kanisani kwao, anasema, kuna wazee ambao hadi leo wakitaja jina la Tuohy wanatema mate.

Ijumaa, 13 Juni

Chumba cha kulia kimegawanyika! Meza za dirishani Kaskazini, meza za jikoni Kusini. Bi Wanda anakula chumbani. Wapishi nao wana pande. Leo mzee mmoja wa Kusini kamwambia Bi Lorraine: miaka mia moja hamjaona kombe, nendeni mkamwombe radhi yule mbuzi! (Kila mtoto wa mji huu anakijua kisa: mbuzi kakatiwa tiketi, katolewa uwanjani kwao 1945, mwenye mbuzi kawalaani wasipate kombe.) Bi Lorraine kamjibu kwamba mbuzi angalau alikuwa na tiketi. Supu ilimwagika.

Jumapili, 15 Juni

Sikukuu ya akina baba. Badala ya chakula cha mchana nje, Baba kaniambia: nipeleke nikamwone huyo mrushaji.

Tuliwakuta mabibi wote wawili uani, kila mmoja upande wake wa bustani. Baba, miaka sabini na nne, kamwendea Bi Wanda kama mtoto anayemwendea padri. Hajasema lolote, Bi Lorraine kadakia kutoka kule:

— Usihangaike, bwana! Huyo siku hizi hata kurusha chungwa hawezi!

Bi Wanda akatazama bakuli la matunda. Akachukua chungwa. Akalizungusha vidoleni mpaka kile kidole kilichopinda kikapata mahali pake. Nikaelewa, Mungu wangu — kidole kile hakikuharibika, kilijifinyanga kufuata mpira! Akaiachia fremu. Nikakimbia kumshika, Baba akanizuia.

Mkono ulirudi nyuma, ukashuka. Zaidi ya hapo sikuona. Nilisikia. Paa! Chungwa limepasukia kwenye ukuta wa matofali, hatua kama kumi na tano, usawa wa goti la mpigaji. Maji yake yanachuruzika. Wauguzi wawili wamesimama na trei.

Baba alivua kofia. Sijawahi kumwona akiivua nje ya kanisa.

Bi Lorraine alikuwa akitikisa kichwa, macho yamemjaa machozi.

— Ndio huo, alisema. Ndio huo wenyewe.

Jumanne, 17 Juni

Bi Lorraine anaondoka. Moyo wake. Mpwa wake Noreen anampeleka Arizona kufanyiwa upasuaji, ndege ni Ijumaa. Daktari kamwambia wazi kwamba kwa umri wake, hakuna ahadi.

Nilikuwa namwosha nywele, kichwa kiko kwenye sinki, macho kafumba. Akasema:

— Alinigusa.

Nikazima maji.

— Begani. Nilihisi glavu yake kabla mguu haujafika. Nilijua nimetoka. Nikamtazama mwamuzi, akasema salama, wenzangu wakaninyanyua juu. Ungefanya nini wewe, una miaka ishirini na tatu?

Medali aliificha. Harusini kwake walimpigia wimbo wa Chiriku, akaenda chooni kutapika. Miaka hamsini na tisa! Kaniapisha nisimwambie Wanda. Anaogopa atakufa mwizi, na anaogopa zaidi kukiri.

Jumatano, 18 Juni

Sijalala vizuri. Nimemchoma mteja sikio.

Alhamisi, 19 Juni

Si siku yangu ya kazi, nimekwenda tu. Chumbani kwa Bi Wanda. Sikuvunja kiapo! Nilisema tu kwamba Bi Lorraine anaondoka kesho na huenda asirudi, na kama kuna neno, ni leo.

Nikadhani atanifukuza.

— Nilimgusa kweli, akasema. Kwa glavu tupu.

Sikuelewa. Akarudia polepole, kama anamfundisha mtoto. Walipogongana mpira ulimtoka. Ulikuwa chini ya goti lake, vumbini. Glavu iliyomgusa Lorraine haikuwa na kitu. Na ukigusa bila mpira, hujagusa. Mwamuzi hakukosea. Bi Wanda kauokota mpira haraka, kaunyanyua juu, na Kusini nzima ikaamini.

— Kisha mjomba akapigana kwa ajili yangu, akavunjika taya. Padri akanitaja kwenye mahubiri. Ningesema saa ngapi, Marisela? Kila mwaka ilizidi kuwa ngumu.

Kwa hiyo Bi Lorraine hakuiba! Kombe lilikuwa lao kihalali, naye anakwenda kupasuliwa moyo akijiona mwizi. Mtu mmoja tu duniani anaweza kumwondolea mzigo huo. Nilipiga magoti pale kwenye zulia. Nikamwomba azungumze naye. Sikumwambia kwa nini. Akageukia ukuta.

Ijumaa, 20 Juni

Saa nne na nusu asubuhi. Naandika kwenye kiti cha korido, nje ya saluni yangu mwenyewe.

Bi Lorraine alikuja saa tatu nimtengeneze kwa ajili ya safari. Nimemaliza, nampulizia dawa ya nywele, mlango ukafunguliwa. Bi Wanda. Kapaka rangi ya mdomo! Hajawahi.

— Toka, Marisela. Funga.

Sauti ya Bi Wanda, chini, muda mrefu. Kisha "Muongo!" — nusura nivunje mlango. Ni Bi Lorraine huyo. Kisha tena "Muongo!", lakini safari hii sauti imepasuka katikati.

Noreen kapanda, funguo za gari mkononi. Nimemwambia nywele bado. Uongo. Kakaa pembeni yangu, anaangalia saa, ananiuliza shangazi yake anazungumza na nani.

Ndani Bi Lorraine anatoa amri.

— Nionyeshe. Ulisimama wapi? Chukua hiyo taulo, ndio mpira. Hapana, chini ya goti, umesema chini ya goti!

Wanasogeza viti. Kitu cha chuma kimegonga sakafu — ile fremu.

— Sinki ni kituo cha tatu. Nyumbani ni hapo ulipo wewe. Uko tayari, Pietrzyk?

Moyo wake! Noreen kasimama, kanishika bega: wanafanya nini humo? Mkono wangu uko kwenye kitasa. Sijafungua. Nasikia slipa za Bi Lorraine zimeanza kukimbia —