Kipaza sauti nimekiacha nyumbani

Papa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye jiwe, pale njia inapoanza kupanda kwenda nyumbani kwa Maman Nabintu. Leo nimefanya uoga ambao wewe hukuufanya hata siku moja.

Tangu tukuzike, kazi yako ya mjumbe wa kilima hapa Nyakarenzo wamenipa mimi binti yako. Mikutano, chanjo, mbuzi waliopotea, yote nimeyatangaza. Siku ya mazishi yako mchungaji alisema malaika maana yake ni mjumbe, nami nusura nicheke. Malaika gani anayefungiwa milango? Kila mtu alijua: ukija na kipaza sauti ni habari za serikali, ukija kimya, mikono mitupu, kuna aliyekufa. "Mujumbe habamuuake, lakini banamuchukiaka," ulikuwa ukisema, kwamba mjumbe hauawi ila huchukiwa, na unacheka. Sikujua kama ilikuwa inakuuma.

Hata kwetu ulikuja hivyo, siku kaka alipokufa. Mama alikuona mikono mitupu, akaketi chini kabla hujafika.

Asubuhi shemeji yake Maman Nabintu alinipigia simu kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Mume wa Maman Nabintu amegongwa na lori, amefariki. "Hii si habari ya kumuambia mu simu. Ni wewe mujumbe, enda." Nikaenda, Papa, ila nilibeba kipaza sauti. Nilipoona mlango wake, mdomo ukatangaza chanjo ya watoto, ambayo ni ya wiki ijayo! Akatoka anacheka: "Aksanti Mungu, ni chanjo tu! Roho ilikuwa imeruka." Akanipa maparachichi mawili. Nikapokea. Nikashuka na kifo cha mumewe mdomoni.

Kipaza sauti nimekiweka kwenye kiti chako nyumbani, na maparachichi kando yake. Siwezi kuyala, siwezi kuyatupa. Jioni hii gari litavuka mpaka na maiti, na huko juu namsikia Maman Nabintu anaimba huku anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu.

Sasa napanda bila kitu mkononi, aone mapema, apate nafasi ya kukaa kama Mama. Akinichukia, nitakaa naye hivyo hivyo mpaka gari lifike. Nakuahidi, sitajificha tena nyuma ya kelele.

Pumzika, Papa. Nimesimama. Kinu kimenyamaza, nadhani ameniona.

Binti yako