Ukimaliza Kulia Utaniita

Shoga, nimejifungia chooni kazini. Usinipigie, soma tu.

Amekuja bibi mmoja hapa ofisini kwetu tunapopokea malalamiko, analalamikia afisa wa ardhi. Kiwanja cha marehemu mumewe kimeandikwa jina la mtu mwingine, na kila akienda kuuliza anaambiwa arudi kesho. Mwisho akalia palepale dirishani kwa afisa huyo.

Jina la afisa halijui. Anakumbuka alichoambiwa tu: "Ukimaliza kulia utaniita." Halafu afisa akaongeza sauti ya redio.

UKIMALIZA KULIA UTANIITA. Shoga! Unajua hayo ni maneno ya nani. Mara ngapi nimekuja kwako nimevimba macho kwa maneno hayohayo?

Na mume wangu ndiye anayekaa dirisha lile.

Sasa si unajua kazi yetu, lazima nimsomee mlalamikaji maelezo yake kabla hajaweka dole gumba. Nikasoma vizuri tu. Nilipofika "ukimaliza kulia" sauti ikagoma. Nikarudia, ikagoma tena. Machozi haya, mbele ya mteja!

Nikimwachia mwenzangu hili jalada, lazima niseme sababu. Nisipoandika jina, litazungushwa maofisini mpaka bibi wa watu afe. Nikiandika, mimi na wanangu leo tunalala wapi?

Bibi wala hakushangaa. Akanipa kitambaa chake, akaniuliza polepole: "Na wewe mwanangu, ulishawahi kwenda kwake?"

Maneno yakaniponyoka: "Hapana, bibi. Mimi ndiye ninayempikia."