Uliniomba Nikufungie Kindege

Dada Mektilda,

Shikamoo. Bibi yangu wa Dumila angenikemea kwamba aliyekufa haamkiwi, anaombewa. Lakini miaka minne nimeingia kwenye chumba chako cha ushonaji kila asubuhi na neno la kwanza ni hilo, nawe unaitikia marahaba huku pini zimejaa mdomoni. Sijui kuanza na jingine.

Tulikuzika kwenu Nyandira. Gari liliishia barabarani, vijana wakakupandisha begani kwenye ule utelezi katikati ya kabichi, na ukungu ulikuwa umeshuka hata hatukuwaona waliotangulia. Mjomba wako alisimama kaburini akasema marehemu alisumbuliwa na sukari muda mrefu, Mungu amempumzisha. Watu wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia, wakati nilijua kilichotokea kuliko wote waliokuwa pale.

Mimi ndiye niliyekuonyesha kindege. Unakumbuka, siku ile nilikula hela nzuri nikawanunulia chipsi kuku watu wote wa baraza letu. Ukaniuliza ni kitu gani kinanichekesha kwenye simu. Nikakuonyesha: kindege kinapaa, namba inakua, unabonyeza kuchukua chako kabla hakijatoweka, ukichelewa, umeliwa. Ni kasino, nikakwambia, ila hii ipo mkononi, huendi popote. Nikakusajili kwa namba yako. Haikuchukua hata muda wa kutia uzi kwenye cherehani.

Ulikuwa mtu wa vipimo, Dada. Jioni ileile uliandika nyuma ya daftari la wateja kwamba utacheza Jumamosi tu, kazi ikishafungwa. Kwamba utaweka kiasi cha soda mbili, kikiisha kimeisha, hukifuati. Kwamba hela ya sindano zako za sukari na ada ya shule ya mwanao Rosi haiguswi. Ukanisomea kwa sauti kama mwalimu. Na kweli ulishika, miezi na miezi. Kindege kikiondoka na soda zako mbili, ulizima simu ukasema, "Haya, tumeshacheka, twende nyumbani." Chini kabisa ya ule mchezo wameandika kwa herufi ndogo, cheza kistaarabu. Mimi nilikuwa nacheza hadi chooni. Nikisoma maneno yale nilikuwa nakufikiria wewe.

Halafu ikaja ile Pasaka ya magauni meupe ya komunio, tulipokuwa tunakata vitambaa hadi kwenye ngazi. Jumamosi moja kindege kilipanda, kikapanda, ukabonyeza. Jumatatu mashine ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za vitambaa, uliyoitamani tangu nikujue, ilishushwa mlangoni, tukaipiga picha. Nimewaza sana juu ya siku ile. Nadhani ungeliwa siku ile, leo ungekuwa hai.

Jumamosi ikawa na Jumatano. Jumatano ikawa kila siku baada ya chakula. Hukuzifuta zile kanuni, uliacha tu kufungua ukurasa ule. Ovaloki ikaondoka, ukasema imepelekwa kwa fundi. Ukanifundisha kumwambia Rosi, akipiga simu kutoka shule, kwamba umekwenda kumpima mteja. Nikasema vizuri sana huo uongo. Ukaanza kunywa maji jagi kwa jagi, ukakonda. Lile gauni lako la kitenge ulilipunguza kiunoni mara mbili mwenyewe, mimi nimekaa hapo hapo nashona vifungo.

Na sasa nifike pale ninapopakwepa.

Ilikuwa Jumanne mchana, mvua inapiga bati. Ulisimamisha cherehani ukaninyooshea simu yako. Ukasema, "Zuhura, nasikia mtu anaweza kujifungia hiki kitu kikamkataa hata akikitaka. Nifungie. Mimi nikiishika hii simu mkono unakwenda wenyewe."

Nilijua pa kubonyeza. Nilishapaona, nilishapita mara nyingi. Lakini kwenye simu yangu kindege kilikuwa hewani, nikakwambia, "Kesho, Dada." Hukunishikilia. Ulirudisha simu mfukoni ukaendelea na sketi ya watu.

Dakika moja ingetosha. Na kuna jambo ambalo sikumwambia mtu hadi juzi: sikutaka ufunge. Ukijifungia wewe, ningebaki na ule ugonjwa peke yangu. Nilipenda kuwa nao pamoja na mtu ninayemheshimu.

Ijumaa ukaanguka miguuni pa meza ya kukatia. Ulikuwa unapumua kwa nguvu, kama mtu aliyepanda milima ya Mgeta kwa miguu bila kupumzika. Hospitali daktari akauliza sindano ya mwisho ulichoma lini. Sikujua. Nikakimbilia kwa Mama Salehe dukani, kwenye friji lake la soda ulikokuwa unahifadhi dawa yako. Akanishangaa. Akaniambia kiboksi kilikuwa kitupu, alikitupa wiki mbili nyuma, na wewe ulimwambia siku hizi dawa unaiweka nyumbani. Nyumbani kwako hakuna friji, Dada.

Nilirudi kwa daktari nikamwambia. Hakunigombeza, aliandika tu. Jumamosi asubuhi, tunasubiri saa ya kuona wagonjwa, nesi akatoka akaniuliza kama mimi ni ndugu.

Siku ya pili baada ya maziko nilijifungia kindege kwenye simu yangu. Kumbe wanakuuliza muda: wiki, miezi sita, daima. Nikabonyeza daima. Usidhani nimepona. Redioni tangazo lao likianza mimi hutoka nje, na vidole bado huamka bila sababu, navipa kazi ya kufumua mishono.

Simu yako waliniachia mimi kwa ajili ya wateja. Waliokuwa wanakuandikia zaidi ni wale wa kindege. Mektilda, tumekukumbuka. Mektilda, una mizunguko ya bure leo. Nikawapigia. Dada mmoja mwenye sauti nzuri akanisikiliza, nikamwambia mwenye namba amefariki. Akanipa pole. Kisha akaniuliza kama ningependa kufunga akaunti kwa muda au moja kwa moja.

Rosi alikuja likizo kuchukua vitu vyako. Nilimkalisha kwenye kiti chako nikamweleza yote, pamoja na ile Jumanne. Nilitegemea atanitukana. Aliuliza tu, "Mama aliomba mwenyewe kufungiwa?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi alikuwa anataka kuishi." Hapo ndipo alipolia, na nilipotaka kumshika akaukwepa mkono wangu. Akapanda gari la Mgeta la saa saba kwenda kwa bibi yake. Nampigia, hapokei. Ana haki.

Jumapili iliyofuata nikapanda mwenyewe kwenda kwa mjomba wako. Nilimpa shikamoo, nikakaa chini, nikamsimulia. Mzee hakupandisha sauti. Alisema wapo vijana watatu katika wale waliokubeba ambao wameuza mbegu za njegere kwa ajili ya hicho hicho kindege, na wote walirudi kutoka kaburini wakiamini umeuawa na sukari. "Ungesema palepale," akaniambia, "wangekusikia."

Akaniitia hao vijana watatu. Nikawasimulia mbele yake, nimesimama. Wawili waliniangalia kama kichaa. Wa tatu, mtoto wa dada yako mdogo, alinifuata hadi barabarani akanipa simu yake. Nilimfungia tukiwa tumesimama kwenye matope. Sijui kama atavumilia. Akitaka njia nyingine ataipata, nakijua hicho kitu.

Cherehani zako zinafanya kazi. Nimepata wanafunzi wawili, mabinti wa Turiani, wana mikono myepesi, na wote wawili wana simu. Nimeanza kuwaeleza habari zako, na mara ya kwanza nilijikuta nikisema: kulikuwa na mama mmoja, alikuwa na msichana aliyemfundisha kushona.

Kwa heri, Dada yangu, mwalimu wangu. Mungu akurehemu, akupokee nyumbani kwake, ulikopenda kwenda kila Jumapili. Ninachokuahidi ni kidogo: sitasimulia tena habari hii kama ya watu wengine. Nitasema Mektilda, na nitasema Zuhura, na nitasema alichoombwa Zuhura na alichojibu.

Wako,
Zuhura